Jumatatu, Ukumbi wa Parokia

Gdańsk, Februari. Theluji imekuwa tope.
Saa nne asubuhi nimekaa kwenye benchi la nyuma, koti lake mapajani,
mimi, Zenon, mume, mbeba mikoba.

Wako tisa, kila mmoja na kiti chake cha kukunja,
na Jagoda, mwalimu, soksi yake imetoboka kidoleni.
"Hii si dawa," husema kila wiki,
"vidonge mmeze kwa saa yake. Hapa tunautafuta mwili tu,
tuone umejificha wapi."

Wiesława aliendesha kreni miaka ishirini na sita.
Kutoka juu kule alishusha bamba la chuma, tani kumi na mbili,
likatua juu ya alama ya chaki
kama mfuniko wa sufuria usiku, mtoto amelala.
Sasa kijiko cha supu kinamshinda.
Dole gumba na cha shahada vinahesabu noti zisizokuwepo.
Mwandiko umesinyaa; orodha yake ya sokoni naisomea lenzi:
viazi, siki, na kitu kinachoanza na k.
Milangoni miguu huganda. Mlango wa choo hasa.

"Simameni kama mlima."
"Mlima gani unatetemeka?" anauliza Bwana Olgierd, mfamasia mstaafu,
na wote wanacheka, nyuso zimekauka vilevile,
mabega ndiyo yanayocheka.

Nilidhani ni mchezo wa wasichana wenye mikeka ya rangi.
Sikusema. Alijua.

Mikono juu, pumzi ndani.
Namsikia akinong'ona, sauti iliyobaki kama uzi:
*pandisha… simama… shusha, polepole, shusha…*
Hayo si maneno ya Jagoda.
Mkono wa kulia unapanda, na ukiwa kazini
unatulia. Kitambo tu. Nilikihesabu: pumzi nne.

Tukitoka, kizingiti. Miguu ikaganda.
Nimezoea kumvuta. Leo nikashika koti kwa mikono miwili
ili nisiwe na wa tatu.
Akatoa pumzi. *Pandisha*, akauambia mguu,
ukainuka kana kwamba kuna kebo sakafuni,
akavuka.

Kituoni akaganda tena. Tramu ikafunga milango, ikatuacha.
Ijayo, dakika tisa.
"Basi," akasema, akaachia mkono wangu,
akapanua nyayo kwenye tope,
"nitakuwa mlima."