Mkufu

Kabla mtu hajalowa, naomba funguo.
Injinia mkuu, Zurab, ananipa mmoja mmoja
kama baba anayelipa mahari asiyoiridhia:
wa rafadha, wa usukani,
wa pampu inayovuta bahari ndani.
Kufuli naifunga mwenyewe, naivuta mara mbili,
natundika kibao chekundu,
kisha funguo zinalala kifuani, chini ya koti,
zikinichoma kwa baridi.

Klaipėda, mwezi wa pili.
Theluji inaandika juu ya gati na kufuta.
Meli imetoka Santos na sukari,
imelala kama ng'ombe aliyeshiba,
na mahali fulani tumboni mwake, wanasema forodha,
pengine kuna kupe.

Wanashuka wanne.
Gintarė juu, usawa wa maji,
chini yake Vaidotas, kisha Žydrūnas,
na Tautvilė, mdogo wao, kwenye mkuku
ambako mchana haufiki.
Kamba moja inawapitia kama uzi katika shanga.
Ndiyo maana tunauita mkufu:
kutoka omo hadi tezi, ubavu huu, kisha ule,
kila mmoja akipapasa upana wa mikono yake,
na asiyemwona jirani amsikie kambani.

Mimi sizamii tena. Nashika ncha ya juu, nasoma.
Mvuto mmoja: u salama? Mmoja ukirudi: salama.
Miwili: nilegezee.
Minne: nitoe, usiulize.
Sijui lugha fupi kuliko hii.

Maji ya bandari yetu ni chai ya jana yenye maziwa.
Taa huko chini humulika taa.
Basi glavu ndiyo jicho:
kome, kutu, rangi iliyobambuka,
maungio ya chuma, kome tena,
wavu wa tundu la maji. Hesabu bolti.
Kumi na mbili, zote zina ute?
Bolti isiyo na ute ni habari.
Na ukikuta habari usiivute, usiigonge;
ipime kwa kiganja, iache palepale,
panda na maneno tu.

Zurab amerudi. Jenereta inapata joto, anasema,
nipe ufunguo wa pampu, dakika kumi, mama,
dakika kumi tu.

Stoo kwetu kuna msumari,
na kwenye msumari glavu moja, ya kulia.
Ni ya Rimgaudas, aliyenifundisha mafundo.
Ya kushoto ilikwenda na pampu
iliyowashwa kwa dakika moja.
Kila Krismasi huniletea mkunga wa moshi
na kunifungia fundo kwa meno na vidole vitano,
tucheke.

Sikumsimulia Zurab. Nilifunga kifungo cha koti.

Ndipo kamba ikasimama.
Haikuvutwa; ilisimama tu, na mkufu mzima nao,
kwani shanga moja ikigoma hazisogei nyingine.
Nikatazama mapovu: duara, duara, duara.
La nne sikuliona.
Nikavuta mmoja.
Theluji ikaniingia shingoni, nikaiacha.
Nikavuta tena.
Ukarudi mmoja, mwembamba, kutoka mbali sana,
na duara la nne likafumuka karibu na tezi,
ambako sikuwa nimelitafuta.
Kisha miwili: nilegezee.
Anarudi nyuma. Msichana mzuri, anarudi nyuma.

Alipopanda midomo ilikuwa ya zambarau.
Hakusema jambo mpaka alipopata kikombe,
kisha akanyoosha vidole viwili.
"Mbili hazina ute," akasema. "Wavu wa kushoto.
Sikugusa."

Forodha wakaanza kupiga simu.
Mimi nikahesabu: vichwa vinne, mikono minane.
Nikahesabu tena mikono.
Nikamrudishia Zurab wa rafadha na wa usukani,
akashtuka kwa jinsi zilivyokuwa na joto.
Ule wa pampu nikabaki nao.