Barafu Isiyo na Mashine

Miaka ishirini na sita nilikata barafu Shimanzi,
msumeno mkononi, gunia begani, maji yakinichuruzika mgongoni,
hata wenzangu wakanibandika jina, Mzee Theluji,
na theluji yenyewe sijaiota hata ndotoni.

Nilipostaafu walinipa saa ya ukutani na bahasha.
Saa nilimpa mkwe.
Bahasha niliitia chini ya godoro, nikamwambia Mwanasiti:
nakwenda kuiona ile iliyojigandisha yenyewe.
"Barafu? Si hiyo hapo kwenye friza?"
Kweli. Anauza. Kibao kipo mlangoni petu, Kibokoni:
UKWAJU, UBUYU, SHILINGI KUMI.

Nilijifunza kupanda kwa ngazi za ghorofa moja huko Tudor,
kila alfajiri, juu chini, juu chini, viatu vya kuazima.
Wapangaji walidhani namwinda mdaiwa wangu.

Njia yenyewe yaanzia ndani ya mianzi,
kisha ni matope, matope yaliyosimama wima
kama ukuta ulioghairi kuanguka.
Gitobu, kiongozi wetu, kijana mfupi asiye na pupa,
kila nikihema aniambia, "Pole, mzee. Pole."
Nami, mtu wa pwani, namjibu, "Nishapoa."
Kumbe alikusudia mwendo.
Na kupoa nako nilipoa, hadi kwenye mifupa.

Siku ya tatu, bondeni, mimea yenye vichwa vya kabichi
ilikuwa imesimama mmoja mmoja katika ukungu
kama watu waliowahi mazikoni wakakuta maiti hajatoka.
Hatukusemezana nayo.

Kokoto. Hatua mbili mbele, moja inakurudisha.
Gitobu akapiga teke jiwe lililopakwa rangi nyekundu:
"Nilipoanza kazi hii, iliishia hapa."
Tukaenda. Tukaenda tena.
Nilihesabu hatua mia tatu na kumi kabla ya kuifikia.

Nikavua glavu.
Mkono wangu haudanganyiki kwa barafu.
Iliyoharakishwa huijua: nyeupe moyoni, nyepesi, haifiki sokoni.
Iliyongojewa huijua pia.
Hii ilingojewa. Ilikuwa chafu usoni, ina majivu na vumbi,
lakini ufa mmoja ulifunguka nikachungulia ndani,
rangi ya samawati, tulivu,
na mimi na msumeno wangu wote ule
sikupata kuikata ya namna hiyo.

Kisha nikasikia.
Ti. Ti. Ti-ti.
Sauti ile naifahamu. Ni ya kiwandani, stima inapokatika:
mota zinanyamaza, tunatazamana gizani,
na barafu inaanza kusema.
Hapo msimamizi hukimbilia simu,
jenereta hukohoa, hukohoa, ikanguruma,
nasi tukasema alhamdulillahi.

Nikageuka kumtazama Gitobu.
Alikuwa anafunga kamba ya kiatu.

Kipande kilichokuwa kimeanguka, ukubwa wa dafu,
nilikifunga nijuavyo mimi: vumbi la mbao, gunia, kamba,
kama tulivyowafungia wavuvi wa Liwatoni.
Nanyuki kilikuwa dafu.
Nairobi, yai la bata.
Garimoshi likiipita Voi nikahisi paja limelowa,
nikakinga kilichobaki kwa chupa ya soda.

Mwanasiti aliinusa. "Haina harufu," akasema, kama anayeilaumu.
Akaimimina kwenye kifuko, akapiga fundo,
akailaza frizani baina ya ukwaju na ubuyu.
Mimi nikalala. Magoti yalikuwa na kesi yao.

Jioni mlango ukagongwa. Swafiya, mjukuu wa jirani,
kifuko mkononi, pembe moja imeng'atwa:
"Babu, hii haina sukari.
Nirudishie kumi yangu."

Nikamrudishia.
Kifuko akaenda nacho, akikifyonza.