Pua ya Kuazima

Saa kumi na mbili kasorobo, Riga bado giza,
theluji imelala juu ya magari kama shuka lisilo na mwenyewe,
na mlango wangu unagongwa mara mbili, kisha mara moja.
Ni Bibi Skaidrite wa ghorofa ya tatu,
koti juu ya gauni la kulalia,
mkononi bakuli, na chini ya kifuniko, kesi.

"Raitis, nusa."

Homa ya mwaka juzi ilimwachia vyote isipokuwa pua.
Macho anayo, ulimi nusunusu,
lakini harufu zilitoka zikaenda, hazikuaga.
Kahawa kwake ni maji ya moto yenye rangi.
Sabuni na samaki ni ndugu.

Basi mimi, dereva wa tramu, mtoto wa watu,
nimegeuka hakimu wa friji yake.
Natazama kwanza muhuri: tarehe tisa. Leo kumi na nne.
"Hiyo imeandikwa na mashine," asema,
"na mashine haijawahi kula."
Namweleza kwamba kuna "bora kabla ya"
na kuna "mwisho wa kutumia";
la kwanza ni ushauri wa shangazi, la pili ni onyo la polisi,
na kwenye nyama ya kusaga polisi hana mjadala.

Mayai ni rahisi, tunayatia majini.
Linalolala chini tunalikaanga.
Linalosimama wima, tunatazamana.
Lile lililoelea, Bibi alilichota kwa kijiko kirefu
akashuka nalo ngazi zote hadi jaani,
hatua kwa hatua, kama abebaye jicho la mtu.

Kefiri ndiyo mtihani.
Maziwa yaliyozaliwa yamechacha,
utaijuaje siku yalipochacha?
Nilinusa, nikanusa tena,
nikitafuta ndani ya ukali ule wa haki
ukali mwingine, wa dhuluma.
Sikuuona. "Kunywa," nikasema, na akanywa
huku nikimhesabia dakika.

Halafu mkate mweusi.
"Ukungu uko mtoni," akasema, akichungulia dirishani,
"na ukungu uko mkateni.
Wa mtoni utaondoka saa nne.
Huu wa mkateni, nikiukata pembeni?"
Nikamwambia mizizi yake haionekani.
"Mama yangu," akasema, "mwaka ule wa njaa,
angeila miwili yote."
Mkate tukautupa. Hakunisemesha hadi Jumatano.

Februari nilikosea.
Samaki wa moshi, karatasi inang'aa mafuta,
siku mbili nje ya tarehe,
nami nilikuwa na mafua, sikusema.
Niliona haya: hakimu kupofuka akiwa kitini!
Nikavuta hewa, nikasikia baridi tu.
"Hawana neno," nikasema.

Alitapika siku mbili.
Nilimsikia kupitia dari,
maji ya choo yakivutwa usiku kucha,
nami nimeketi kitandani na viatu vya kazi miguuni.
Sikupanda.

Asubuhi ya tatu: mara mbili, kisha mara moja.
Amekonda, koti limekuwa la mtu mwingine.
Mkononi chupa ya maziwa.
"Nusa."
"Bibi, ningekuwa wewe nisingeniamini."
"Nimwamini nani sasa? Mashine?"

Nikaigeuza chupa nitafute muhuri.
Tarehe ishirini na sita. Leo ishirini.
Kifuniko hakijafunguliwa,
pete yake ya plastiki bado imeshikana.
Nikamtazama. Akatazama theluji.

Nikaikata pete kwa ukucha, nikainama,
nikanusa polepole kuliko siku zote,
na tramu ya kwanza inanisubiri depo.