Kamera ya Tatu

Muuzaji ananihesabia pikseli kama karanga.
Subiri, kaka, tutoke nje kwanza.

Saa saba. Jua la Kariakoo limekalia mabati.
Ng'ambo, ndani ya giza la kibanda,
fundi Mwinyimvua anashona, mweusi tii,
shela jeupe limemwagikia barazani.

Ya kwanza: shela limeungua, karatasi tupu.
Ya pili: shela zima, fundi hayupo,
cherehani inajiendesha yenyewe.

Mwezi uliopita, Mbagala, nilipeleka video ya harusi.
Mama mtu akasogelea runinga:
"Mwanangu yuko wapi humu?"

Ya tatu ni kuukuu, mpira umebanduka.
Nahesabu nyuzi za shela juani,
na kivulini jasho, shingoni mwa Mwinyimvua.

"Hiyo chakavu," anasema, "pikseli kiduchu."

Natoa noti, naanza kuhesabu mimi.