Inchi Moja ya Kioo

Bwana Badi kaja dukani Mwembe Tayari saa tatu,
sijaondoa hata turubai mezani,
na kiporo cha hasira mdomoni tangu jana usiku.
"Mishi, hino runinga ina ukungu.
Kile kidude changu cha zamani, inchi thalathini na mbili,
kilinionyesha hata jasho la kipa.
Hino ya hamsini na tano, pesa ya miezi minne ya mahamri,
kipa hana pua!"

Nikamwambia: haina ukungu. Ina nafasi.

Nikageuza boksi la chaja, nikachukua kalamu.
Nukta elfu moja mia tisa na ishirini kwa upana,
elfu moja na themanini kwa kimo:
ya jana na ya leo, ni hizo hizo.
Kila moja ipandishe kipeo cha pili, zijumlishe,
tafuta kipeuo:
elfu mbili mia mbili na tatu, kasoro kidogo.
Hizo ndizo nukta za mshazari,
kona ya chini hadi kona ya juu,
kama mtu akatizaye kiwanja cha Makadara
kwa kuchelewa swala.
Sasa gawa kwa inchi.

Thalathini na mbili: sitini na tisa.
Hamsini na tano: arubaini.
Nikamwomba simu yake, ikatoka mfukoni mwa kanzu,
inchi tano na nusu,
nukta zile zile, haikuzidi hata moja:
mia nne.

Akaitazama kama aliyefungua chumba cha kulala
akakuta wageni mia nne wamejipanga ubavu kwa ubavu.
"Kwa hivyo n'nunue simu niitundike ukutani?"
"Sogeza viti nyuma. Jicho likiwa mbali
hushona lenyewe."
Akaondoka na boksi langu, hesabu na yote.

Jioni, Kibokoni, mama ana kofia mapajani.
Nikamhadithia. Hakucheka.
"Kichwa kikubwa," akasema, uzi menoni,
"huongezewa matobo.
Wewe kivute kitambaa, upate kifumbu cha kuchujia tui."

Nikalaza futi ya kushonea juu ya ua,
nikainama na ncha ya sindano, inchi moja:
kumi na moja.
Yeye, ambaye siku hizi macho yake
humwonyesha uso wangu bila pua,
akapitisha kidole gumba, mara moja tu.
"Kumi na mbili. Umeruka moja."