Kisu Kisichokunjwa

Kimefika kwa posta, kimeviringishiwa gazeti la Kiwelisi
nisilolisoma. Bapa inchi tatu kasoro,
mpini wa mti mweupe ambao sijaujua jina.
Hakina kiungo, hakina goti: hiki hakikunjwi.
Nimekilipia kwa usiku wanne wa kuzalisha kondoo.

Jumatatu kilianza na kamba za marobota,
zile za buluu, ngumu kama deni la dukani.
Nilihesabu thelathini na sita kabla ya chai.
Kwenye ya thelathini na saba kikasita kidogo,
kama mtu aliyeulizwa umri wake.

Jumanne, kwato. Mvua ya milima hii haina likizo,
na kondoo wa Eluned huoza miguu wakiwa wamesimama.
Nilimkalisha mmoja matakoni, mgongo wake tumboni mwangu,
nikamenya ukwato, tabaka kwa tabaka,
hadi ikatokea rangi ya waridi, safi.
Harufu sikuelezi.
Ncha ni kali mno kwa kazi ile;
niliifunika kwa kidole gumba, nikafanya kazi na iliyobaki.
Mwenye mikono mikubwa ataulalamikia mpini.
Mimi unanitosha, kidole cha mwisho tu kinaning'inia.

Tufaha: ndiyo, ila maji yake yaliacha doa jeusi
ambalo halikutoka hata kwa majivu.
Mfuko wa pumba: ndiyo.
Jibini: ndiyo, baada ya kukiosha mara mbili.
Kuchonga kigingi: hapana. Tafuta shoka, usikidhalilishe.
Ala: inalia. Kila nikiinama inasema kwi,
na Mot, mbwa wa hapa, anadhani namwita.

Nyumbani Korogwe sikuwahi kuwa na kisu.
Palikuwa na kisu, basi. Cha nyumba tano,
kilizungushwa na watoto, kimefungwa kitambaa,
na mwenye kuku siku hiyo ndiye aliyekinoa, kizingitini.
Hakuna aliyekivaa.

Jumamosi nikashuka mjini kununua dawa ya kikohozi.
Foleni ya watu sita. Nikapapasa pochi,
nikakigusa.
Kiunoni, chini ya koti, kimelala.
Nilikuwa nimekivaa alfajiri kama nivaavyo soksi.
Sheria ya huku naijua: shambani ni kifaa,
mtaani utaje sababu, na sababu yangu
ilikuwa imebaki maili sita juu, inacheua.
Nani angeisikiliza, kwa lafudhi hii, kwa ngozi hii?
Bibi wa mbele yangu akageuka, akasema leo baridi.
Nikasema baridi kweli, na jasho linanishuka mgongoni.
Nikatoka bila dawa, mikono yote nje ya mifuko,
natembea polepole kama mtu asiyedaiwa,
hadi kwenye pikapu. Nikakisukuma chini ya kiti,
nikakaa juu yake, nikakohoa.
Hilo nalo lilikuwa jaribio. Sijui kilichopimwa ni nini.

Jumatatu tena, ukungu hadi magotini.
Kondoo jike amenaswa na wavu, shingo imezungushwa mara tatu,
ulimi umeanza kubadilika rangi.
Eluned amemlalia ubavuni, mikono imejaa manyoya.
Akaunyoosha mmoja nyuma, bila kunitazama:
"Kisu."
Hakusema chako.
Nikamgeuzia mpini. Bapa likabaki kiganjani mwangu
kwa pumzi moja, kwenye mstari ule
ambao mwanamke mmoja wa Tanga alisema ni wa maisha marefu.
Sisi tulifundishwa kwamba aliyeshika makali keshashindwa.
Akakata. Uzi wa kwanza, wa pili, wa nne.
Kondoo akaondoka bila hata kutazama nyuma.

Akakifuta kwenye suruali, huku na huku,
akanirudishia, mpini kwangu,
makali kwake, vidole vimelegea,
na macho yako kule alikokimbilia kondoo.
Nikainama kukitia alani.
Kwi.
Mot akaja.