Uchakavu

Boksi la viatu, namba arobaini na mbili.
Viatu vyenyewe aliondoka navyo Hamduni,
boksi akaniachia. Ndilo nimelipakata leo
toka Keko mpaka mezani kwa Kokuhirwa,
ghorofa ya pili, mtaa wa Aggrey:
chini wanauza vitenge, juu wanahesabu.

Mwaka mzima umo humo.
Sponji, gundi, misumari, velveti ya rangi ya zambarau
ambayo mteja aliikataa baada ya kukatwa,
luku, pango la banda,
cherehani kilichokwenda kwa fundi mara mbili.
Kokuhirwa akachambua kama anayechambua mchele,
akainua moja dirishani.
"Hii ya nini, dada Somoe?"

Nyeupe. Nyeupe kama ganda la yai.
Joto la Machi limelamba wino wote,
limekula sponji ya laki nne na nusu
na sina wa kumwapia kwamba niliinunua.
"Siku ileile," akasema, "kimbia steshenari utoe kopi.
Karatasi ya mashine ni kama ahadi ya mteja,
haikai."

Halafu: mbao za Novemba ziko wapi?
Na yale magodoro?
Mbele ya mhasibu ni kama mbele ya mkunga,
aibu unaiacha mlangoni. Nikasema kweli:
Fakihi wa Buguruni ana bei mbili mdomoni,
ya karatasi na ya kimyakimya.
Mimi nilichukua ya kimyakimya,
nikarudi Keko najiona mjanja,
elfu ishirini zimebaki kwenye pindo la khanga.

Hakucheka. Alibonyeza kikokotoo, akanigeuzia.
Nilichokikwepa dukani
kimenitangulia nyumbani kwa mlango wa uani,
kimekaa kwenye faida yangu, miguu juu ya stuli,
kimenenepa mara mbili.
Faida yenyewe sijawahi kuiona kwa macho.

Simu?
"Nusu ya biashara."
"Na nusu?"
"Ya kwetu Kilwa."
Akaandika nusu.
Chai ya vijana wanaopiga randa: imekubalika.
Ada ya Mwanahawa: hapana, hiyo ya nyumbani.
Rambirambi ya mama wa mteja: hapana.
Hata kama baada ya arobaini alirudi kuagiza seti nzima?
Hapana, dada.

Tukafika kwenye cherehani.
"Hiki kinachakaa," akasema,
"kila mwaka tunakipunguzia thamani, sheria inaruhusu.
Kinaitwa uchakavu."
Nikalipenda neno. Nikalirudia mdomoni kama tende.
Nikamwonyesha kidole gumba, pale stapla ilipoingia
ikatokea upande wa pili.
Nikamwambia na mgongo, miaka kumi na sita
unainua fremu za mninga.
Huu nao tuupunguzie asilimia ngapi?

Akaitazama fomu. Kweli aliitazama,
toka juu mpaka chini,
kama vile huenda wameongeza mstari.

Jumamosi, Buguruni.
Fakihi amepima sponji, ameikata, ameifunga kamba,
akainamisha sauti: "Kama kawaida?"
Noti zimelowa kiganjani.
Elfu ishirini ni unga, ni mafuta, ni nauli ya wiki,
naijua kwa majina yake yote.
Nyuma yangu mtu anafyonza, harakisha mama.

"Andika," nikasema.
"Na usiandike Mteja.
Andika Somoe Nambunga, namba yangu hii hapa."
Akaniangalia kama niliyebadili dini.
Mashine ikakohoa, ikatoa ulimi.
Nikaushika kwa ncha za vidole, mbali na jasho,
nikamuuliza kijana wa toroli
steshenari iko upande gani.